Kinyozi Hajinyoi, Mimi Najinyoa

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hii naiheshimu, kwa sababu walioitunga waliujua wembe. Hawakuwa wakimsema kinyozi mvivu au asiyejua kazi. Walimsema fundi hodari, aliyezoea vichwa vya mtaa mzima, ambaye akifika kwenye kichwa chake mwenyewe ufundi wote unamkimbia. Mimi si kinyozi, lakini kwa miaka sasa nanyoa kichwa changu chote, kuanzia panja hadi shingoni, kwa wembe wa kukunja. Nasema ule wembe wa chuma kizima unaofunguka kutoka kwenye mpini wake, unaonolewa na kutumika miaka na miaka. Sisemi Nacet iliyovunjwa katikati, wala ule wa plastiki wa kutumia na kutupa.

Nilichojifunza katika miaka hiyo ni jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike. Kichwa hakinyolewi na mkono ulioshika wembe. Kinanyolewa na ule mwingine.

Siku ukienda saluni, usitazame simu. Mtazame kinyozi mzuri anavyomnyoa mtu kipara. Mkono wa kulia una wembe, na macho ya watu wote yanakwenda huko. Lakini dole gumba la kushoto ndilo linalotangulia. Linavuta ngozi ya paji kwenda juu, linaikaza nyuma ya sikio, linakunja sikio lenyewe mbele kama jani, linabonyeza kichwa kiiname. Wembe unapita pale tu ambapo mkono wa kushoto umeshatengeneza njia. Ngozi iliyokazwa ni kama meza, wembe unateleza juu yake. Ngozi iliyolegea inajikunja mbele ya makali, na palipo na mkunjo ndipo damu inapotoka. Sasa anayejinyoa anaukosa mkono huo, au anadhani anaukosa. Mawazo yake yote yako kwenye wembe, na mkono wa pili umening'inia tu, au umeshika kioo. Wahenga walimwona mtu wa namna hiyo, nao walimsema kwa haki.

Ukitafakari, karibu kila mahali ambapo kunyoa kichwa kuna uzito kwa watu wetu, mtu hunyolewa na mwenzake. Mtoto mchanga wa Kiislamu hunyolewa siku ya saba kwenye akika, sherehe ya kuzaliwa kwake, amepakatwa. Kwa Wamaasai, morani aliyefuga nywele zake ndefu na kuzipaka udongo mwekundu hunyolewa na mama yake mzazi wakati wa sherehe ya eunoto, anapoanza kuuaga umorani. Katika makabila mengi ya Bara, baada ya mazishi wafiwa hunyolewa, na mzee wa ukoo ndiye anayesimamia. Na tuliolelewa madrasa tunakumbuka kisa cha Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, ambao ni 628 Miladia. Waislamu wamezuiwa kuingia Makka, mkataba umeshaandikwa, watu wana huzuni, wanaambiwa wachinje na kunyoa lakini hakuna anayeinuka. Umm Salama, mke wa Mtume, ndiye aliyetoa ushauri: toka, usiseme na mtu, chinja mnyama wako, mwite kinyozi wako akunyoe. Mtume akafanya hivyo. Masahaba walipoona, wakainuka, wakachinja, wakaanza kunyoana wao kwa wao. Kunyoana. Huzuni ile yote iliishia kwenye mikono ya watu waliokuwa wakishikana vichwa.

Mahujaji mpaka leo, wakimaliza ibada zao, hunyoa au hupunguza, na aliyenyoa kabisa ameombewa dua na Mtume mara tatu, aliyepunguza mara moja. Msongamano wa vinyozi pale Mina ni mkubwa, lakini sheria haimkatazi mtu kujinyoa mwenyewe. Kwa hiyo jambo hili si geni wala si la kishujaa. Ni kwamba mkono wa mwenzako hauko, basi lazima mmoja wa mikono yako uwe wa mwenzako.

Hata Ulaya, watu kujinyoa wenyewe kulihitaji kufundishwa. Katika karne ya 18, fundi visu wa Paris aitwaye Jean-Jacques Perret aliandika kitabu kizima cha kumfundisha mtu wa kawaida kujinyoa, kwa sababu mpaka wakati huo watu wengi walikwenda kwa kinyozi au kinyozi aliwafuata nyumbani. Baadaye akaja Mmarekani King Camp Gillette na wembe mwembamba wa kubadilisha, akaanza kuuuza mwaka 1903. Mwaka ule wa kwanza aliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mamilioni ya askari walikuwa wameshazoea wembe wa kutupa. Wembe wa kukunja ukabaki kwa vinyozi, kisha nao wakauacha. Huku kwetu tukabaki na kile kijiwembe cha makali mawili ambacho kila duka la mtaani linacho, cha kunyolea, cha kukatia kucha, cha kufumulia mshono, cha kuchongea penseli za watoto.

Wembe wangu niliurithi kwa babu mzaa mama, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Umegongwa neno Solingen kwenye shina lake, karibu na pale mpini unapoungana na chuma. Solingen ni mji wa Ujerumani unaojulikana kwa visu, mikasi na nyembe, na tangu mwaka 1938 sheria ya Ujerumani inakataza bidhaa ya makali kuitwa kwa jina hilo kama haikutengenezwa huko. Upana wa nyembe hizi hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Wangu ni tano ya nane, yaani kama milimita 16. Ni upana mzuri kwa kichwa. Mpana zaidi ya hapo unakuwa mzito na unakuzibia usione nyuma ya sikio, na mwembamba zaidi unajaa povu haraka.

Ukiutazama kutoka upande wa ncha, utaona umbo lake kamili. Mgongo ni mnene. Kutoka hapo mashavu yote mawili yamechimbwa kwa ndani, yanazidi kuwa membamba, mpaka yanakutana kwenye makali ambayo unene wake haufiki elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwani ni mnene mara makumi kadhaa kuliko makali hayo. Ukigusa ubapa wake kwa ukucha, unalia. Wenye wembe wa namna hii husema unaimba, na ni kweli unaimba, na sauti hiyo ina kazi ambayo nitaieleza.

Umbo hilo lina hekima yake. Ukilaza wembe kwenye kinoo, mgongo na makali vinagusa jiwe kwa pamoja. Maana yake ni kwamba pembe ya kunolea imeshawekwa na aliyeufua. Hukisii kama unavyokisia na panga au kisu cha jikoni. Kazi yako ni kuulaza tu, usiubonyeze, na kuusukuma makali yakiwa mbele, kisha kuugeuza kwa mgongo na kuurudisha. Vinoo hupangwa kwa namba, na namba ikipanda chembe za jiwe huwa ndogo zaidi. Kinoo cha namba 1000 hutumika pale makali yamekufa kabisa au yamechubuka. Kisha 4000 au 5000, kisha 8000, na wa kumalizia ni 12000 au jiwe la asili lenye chembe ndogo sana. Mawe haya ya maji hupatikana kwa kuagiza, nayo si rahisi, lakini kinoo kizuri cha 8000 kitakaa kuliko wewe.

Nataka nikae kidogo hapa kwenye kunoa, kwa sababu ndiko wengi wanakokata tamaa, na ndiko nilikoanza kuupenda wembe. Weka maji kidogo juu ya jiwe. Sukuma wembe polepole na utazame maji yaliyo mbele ya makali. Kama makali yamelala sawasawa juu ya jiwe, maji yatapanda juu ya wembe kwa mstari mmoja, kuanzia kwenye shina hadi kwenye ncha, bila kukatika. Kama kuna sehemu ambayo maji yanapita chini badala ya kupanda, sehemu hiyo haijagusa jiwe, na hata ukinoa mpaka alfajiri haitakata. Hakuna kipimo kingine utakachohitaji katika hatua hiyo. Baadaye kidole kinaanza kuhisi: jiwe linaanza kuushika wembe, kama halitaki kuuachia. Ukihisi hivyo kwa urefu wote, hamia jiwe linalofuata.

Kunoa kwenyewe ni kazi ya mara moja kwa miezi kadhaa. Kazi ya kila unaponyoa ni mkanda. Mkanda ni kipande cha ngozi ya ng'ombe, chenye upana wa kama sentimita saba na urefu wa kukaribia nusu mita, na pamoja nao kipande cha turubai cha urefu huo huo. Wangu alinikatia fundi viatu mmoja mzee wa hapa mtaani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Mkanda wa suruali?”

“Wa kunolea wembe, mzee. Nataka ngozi isiyo na mshono wala kovu.”

Alininyamazia kidogo, akainuka, akaenda kuvuta ngozi iliyokuwa chini kabisa ya rundo. Aliipitisha kiganjani pande zote mbili kabla ya kuikata, na alipomaliza aliilaza juu ya paja lake akaisugua kwa nyuma ya mkono mpaka ikalainika. “Hii utaipaka mafuta ya kiganja chako tu,” aliniambia. “Usiimwagie kitu.” Nimefuata hivyo, na ngozi ile sasa imekuwa na rangi ya tende.

Kwenye mkanda mwendo ni kinyume cha kinoo. Mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Kwanza turubai, kupita kama ishirini, kisha ngozi, arobaini au hamsini. Ukifika mwisho, wembe unageuzwa kwa mgongo, kamwe usigeuze kwa makali, utachana ngozi na kuyavunja makali kwa pamoja. Mkanda usilegee. Na usikimbilie ule mwendo wa haraka wa vinyozi wa zamani, hauna faida yoyote isipokuwa kwa anayekutazama. Kazi ya mkanda si kunoa, ni kunyoosha yale makali membamba yaliyopindika wakati wa kunyoa. Wembe uliopitishwa vizuri utakata unywele wa mkononi kabla haujagusa ngozi.

Sasa twende kwenye kichwa chenyewe.

Shavu ni laini na karibu ni bapa. Kichwa ni mviringo, na chini ya ngozi kuna mfupa moja kwa moja. Hiyo ndiyo tofauti yote. Pembe kati ya wembe na ngozi inatakiwa iwe kama nyuzi 30, yaani mgongo wa wembe ukaribie kabisa kulalia ngozi. Shavuni ukishaiweka pembe hiyo, unavuta hadi chini. Kichwani, ukivuta sentimita tano bila kugeuza kifundo cha mkono, ngozi imeshajipinda na pembe imeshakuwa nyingine: ama wembe umelala haukati, ama umesimama na kuingia. Kwa hiyo kichwani wembe huvutwa kidogo kidogo, sentimita mbili, tatu, basi. Unainua. Unaanza tena.

Kabla ya siku ya kwanza, kijue kichwa chako. Kaa siku mbili tatu bila kunyoa, vinyweleo vichomoze kama milimita moja, kisha funga macho na upitishe vidole. Ukipapasa upande nywele zinakoelekea, kunateleza. Ukipapasa kinyume, kunakwaruza. Karibu kila mtu ana mahali utosini ambapo nywele huzunguka, na kwa watu wengi mzunguko huo unafuata mwendo wa mishale ya saa. Kutoka hapo zinashuka: mbele zinakwenda kwenye paji, pembeni zinashuka masikioni, nyuma zinashuka kisogoni. Ila kwenye maungio ya kisogo na shingo, kila kichwa kina sheria yake. Kuna ambao zinaota kwenda juu, kuna ambao zinaota kwenda upande mmoja, na kuna ambao kushoto na kulia kunakutana katikati. Kichwa changu kina sehemu moja nyuma ya sikio la kushoto ambayo nywele zake zinaelekea mbele, na isingekuwa vidole nisingeijua maisha yangu yote.

Hili si jambo la urembo. Nywele zetu za kipilipili zinatoka kwenye mashina yaliyopinda. Ukizikata kwa ukali kinyume cha uelekeo wake, ile ncha inabaki kali na imejificha chini kidogo ya uso wa ngozi, na inapokua inajipinda na kuingia ndani. Mwili unaipokea kama mwiba. Ndivyo vinavyozaliwa vile vipele ambavyo nusu ya wanaume ninaowajua wanavyo kidevuni na kisogoni, na wengine vimeshakuwa makovu yaliyovimba. Nyembe za kisasa zenye makali matatu au matano zinazidisha, kwa sababu makali ya kwanza yanauvuta unywele na yanayofuata yanaukata ukiwa umevutwa, halafu unarudi ndani. Wembe wa kukunja una makali mamoja, nao hukata usawa wa ngozi. Ukifuata uelekeo wa nywele, ukapita mara moja, na mara ya pili kwa kukingama kama unapenda ulaini zaidi, ngozi inatulia. Kwenda kinyume kabisa nakushauri usiende, hata kama rafiki yako anakwenda na hapati kitu. Na kama kisogoni tayari una vipele vigumu visivyoisha, usipeleke wembe huko. Muone daktari wa ngozi, na sehemu hiyo iachie mashine.

Mimi hunyoa Ijumaa asubuhi, mapema kabla watu hawajaanza kugombea bafu. Nywele zikiwa ndefu kuliko punje ya mchele, kwanza napitisha mashine bila kitana. Kisha maji ya moto, na taulo lililoloweshwa juu ya kichwa kwa dakika mbili tatu. Unywele hunyonya maji na kulainika, na anayeruka hatua hii atavutwa kila unywele. Povu natengeneza kwa brashi na sabuni, na nalizungusha kichwani mpaka lisimame. Povu zito likijaa mapovu makubwa ya hewa halifai, linakauka kabla hujafika nyuma.

Naanzia panja ya kulia. Mkono wa kushoto unapita juu ya kichwa kama unataka kushika sikio la upande wa pili, kama tulivyokuwa tukifanyishwa utotoni kupima kama tumefikia umri wa kuanza shule. Vidole vinashika ngozi juu ya panja na kuivuta kwenda utosini. Wembe unashuka. Hapa ndipo ile sauti inapoanza kufanya kazi. Wembe ukiwa kwenye pembe nzuri na makali yakiwa hai, utasikia mlio mdogo wa kukatika, wa namna moja, wazi, kwa sababu chuma kile chembamba kinalia kila kinapogonga unywele. Mlio ukizama, povu limekauka au umelaza mno. Ukiwa mkali wenye kukwaruza, umeusimamisha mno na ngozi ndiyo inayokwanguliwa. Masikio yako yako karibu na kazi kuliko kinyozi yeyote. Zima redio.

Juu ya kichwa ni rahisi, napapita haraka. Nyuma ya masikio sikio linakunjwa mbele kwa kidole cha kati na ngozi inavutwa kwa gumba. Mikono hubadilishana, kulia kunyolewa kwa mkono wa kulia na kushoto kwa mkono wa kushoto. Hili la kubadilishana mikono litakuchukua muda, usilikimbie. Wembe uliopelekwa upande wa kushoto na mkono wa kulia unafika umepinda.

Kisogo ndicho mtihani. Wengi wanapanga vioo viwili, kimoja mbele na kingine nyuma. Nilishaacha. Kioo kinageuza kushoto kuwa kulia, viwili vinageuza tena, na akili inapokuwa inahesabu, mkono unasita, na wembe unaosita juu ya ngozi ni wa hatari. Kisogo changu nakinyoa nimefumba macho. Nainamisha kichwa mpaka kidevu kiguse kifua, hapo ngozi ya shingo inajikaza yenyewe. Mkono wa kushoto unatokea juu, vidole vitatu vinakaa pale mfupa wa kisogo unapochomoza, vinavuta ngozi kwenda juu. Vidole hivyo ndivyo macho. Vinaniambia nywele zinaanzia wapi, mfupa unaishia wapi, povu limebaki wapi. Wembe unawekwa chini kidogo ya vidole, mgongo unagusa ngozi kwanza, kisha makali yanashushwa taratibu mpaka yalale, ndipo unavuta. Sentimita mbili. Unainua wembe, vidole vinashuka kwenye sehemu iliyonyolewa, vinahakikisha, vinashika upya. Vidole, wembe, vidole, wembe. Chini ya ule mfupa kuna bonde dogo, na hapo unatumia ncha peke yake. Chagua wembe wenye ncha ya mviringo. Wenye ncha ya pembe kali haufai kwa mtu asiyeona anachokata.

Ukishaizoea hali hiyo utagundua kitu kilichonifurahisha sana: mkono wa wembe hauna maamuzi. Unakwenda unakoitwa. Mara nyingine sijui hata kama nimeubana au nimeulegeza, kwa sababu mawazo yangu yote yako kwenye vidole vya mkono wa pili.

Kichwa kikikatwa hutoka damu nyingi kuliko ukubwa wa jeraha. Mishipa ya damu ya kichwani imeshikiliwa na nyama ngumu inayoizuia kujifunga upesi, kwa hiyo usitishike. Bonyeza kwa kitambaa safi, dakika mbili bila kuchungulia. Halafu shabu. Kipande kimoja cha shabu, kile cheupe kinachong'aa kinachouzwa kwenye maduka ya dawa za asili na viungo, hukaa mwaka mzima. Kiloweshe, pitisha kichwa kizima baada ya kuosha kwa maji baridi. Kitawasha pale ulipobonyeza wembe kupita kiasi hata kama hakuna damu, na hivyo kukuonyesha pa kurekebisha safari ijayo. Baada ya hapo utomvu wa mshubiri, au mafuta kidogo yasiyo na manukato. Kofia iliyofuliwa, kwa sababu jasho la kofia ya jana juu ya kichwa kilichonyolewa leo linachoma, na jua la saa saba mchana linachoma zaidi.

Majirani wakiona kichwa kinang'aa huja kuomba niwanyoe. Sikubali, na nawaeleza sababu kwa heshima. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku zisizopungua saba, hata kwenye damu iliyokauka ambayo huioni. Wembe wa kukunja una mpini wa pembe, mti au plastiki na maungio ambayo maji ya moto na mvuke vinayaharibu, hivyo hauwezi kutakaswa kama vifaa vya hospitali, na kuufuta kwa spiriti hakutoshi. Ndiyo maana kinyozi anayejali wateja anatumia kishikio chenye wembe wa kubadilisha, na anaufungua mbele ya macho yako. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja. Huu wa babu, kabla haujagusa kichwa changu, niliutenganisha kipande kwa kipande, nikauosha kwa dawa, nikaupeleka kwenye kinoo cha 1000 na kuuondolea makali yote ya zamani.

Hewa ya Dar es Salaam ina chumvi na unyevu, na chuma hiki kinashika kutu usiku mmoja. Ukimaliza, osha, futa kwa karatasi laini ukielekea kwenye makali, usiyapitie, pitisha mara chache kwenye turubai kukausha, kisha paka tone moja la mafuta ya cherehani. Usiuhifadhi bafuni.

Anayetaka kuanza, atafute wembe uliotumika lakini usio na vishimo vya kutu karibu na makali. Kutu ya mgongoni si kitu. Wa mitumba wa Solingen, au wa Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, ni bora kuliko mpya wa bei rahisi unaong'aa ambao chuma chake hakishiki makali. Mwezi wa kwanza nyoa panja tu, kulia na kushoto, na kwingine kote pitisha mashine. Mwezi wa pili panda utosini. Kisogo kiache kwa kinyozi wako mpaka vidole vyako viweze kukaza ngozi bila kuambiwa, na kila ukikaa kwenye kiti chake mwangalie mkono wa kushoto.